Somo la 17: Kufunga Kamera ya Nyuma Katika Pikapu

Maneno ya kusoma kwanza

Rivasi ni gia ya kurudisha gari nyuma. Ethi ni mahali ambapo waya wa hasi umefungwa kwenye chuma cha gari. Fyuzi ni kifaa kidogo chenye uzi wa chuma ndani yake. Umeme ukizidi, uzi huo hukatika. Skrini ni kioo kinachoonyesha picha. Testa ni balbu ndogo yenye ncha kali upande mmoja na waya wenye kibanio upande wa pili. Soma maneno haya mara mbili kwa sauti. Kisha endelea.

Mahali pasipoonekana

Pikapu ni gari la kazi. Asubuhi hubeba mbolea. Mchana hubeba mahindi kwenda mashineni. Usiku huenda ikabeba mgonjwa kwenda kituo cha afya. Kwa hiyo pikapu haikai barabarani tu. Huingia uani, gulioni, shambani na mlangoni pa ghala. Huko kote dereva hulazimika kurudi nyuma.

Dereva anaporudi nyuma hutazama vioo vitatu. Kimoja kiko ndani, viwili viko nje ubavuni. Vioo hivi vina faida kubwa, lakini haviwezi kuona ng'ambo ya chuma. Mlango wa nyuma wa pikapu umesimama kama ukuta mfupi. Kilichoko chini ya ukuta huo, karibu na bampa, hakionekani katika kioo chochote. Mtu mzima akisimama hapo, huenda dereva akaona kichwa chake. Mtoto aliyechuchumaa haonekani kabisa. Mbuzi haonekani. Mama anayeokota nyanya zilizomwagika haonekani.

Msikubali jambo hili kwa kusoma tu. Jaribuni wenyewe. Chukueni pikapu iliyoegeshwa mahali tambarare. Zimeni injini, toeni ufunguo, vuteni breki ya mkono. Mwanakisomo mmoja akae katika kiti cha dereva. Mwingine aweke debe tupu chini, nyuma ya bampa katikati. Aliyekaa kwenye kiti aulizwe: "Unaliona debe?" Kama halioni, debe lisogezwe nyuma hatua moja, kisha hatua nyingine, mpaka lionekane katika kioo cha ndani. Hesabuni hatua hizo na kuziandika ubaoni. Eneo lote mlilopima ni eneo ambalo dereva hurudisha gari bila kuona kitu kifupi kama debe. Mtoto anayetambaa si mrefu kuliko debe.

Jambo hili haliko kwetu tu. Huko Marekani, mwaka 2014, idara ya serikali inayosimamia usalama wa magari ilikadiria kwamba watu wapatao 210 walikuwa wakifa kila mwaka kwa kugongwa na magari madogo yanayorudi nyuma, na wengine wapatao 15,000 walikuwa wakiumia. Wengi wa waliokufa walikuwa watoto wadogo na wazee. Mara nyingi dereva hakuwa mgeni. Alikuwa baba, mama au babu wa mtoto huyo, na gari lilikuwa uani kwao. Kwa sababu hiyo nchi hiyo iliamuru kwamba kuanzia tarehe 1 Mei 2018 kila gari jipya dogo, pamoja na pikapu, liwe na kamera ya nyuma. Kamera hiyo lazima ionyeshe eneo lenye upana wa meta 3 hivi na urefu wa meta 6 hivi nyuma ya gari.

Pikapu nyingi za vijijini kwetu ni za zamani kuliko amri hiyo. Hazina kamera. Lakini kamera inaweza kununuliwa peke yake na kufungwa. Katika somo hili tutaona jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Hata kama hutaifanya kwa mikono yako, utaweza kusimama karibu na fundi, kumwuliza maswali, na kujua kama kazi imefanywa vizuri.

Vifaa

Kamera yenyewe ni ndogo kama kizibo cha chupa ya chai. Picha yake huenda mbele kwa waya mrefu hadi kwenye skrini. Skrini iliyo nzuri kwa pikapu ni ile iliyotengenezwa ndani ya kioo cha kutazamia nyuma. Hufungwa juu ya kioo cha ndani kwa mikanda miwili ya mpira. Gari linapokwenda mbele, ni kioo cha kawaida. Dereva akitia rivasi, picha hutokea upande mmoja wa kioo, au kioo kizima. Hivyo dereva hutazama palepale alipozoea kutazama, na dashibodi haikatwi.

Kabla ya kununua, soma maandishi madogo yaliyo kwenye boksi au nyuma ya kifaa. Tafuta namba ya volti. Pikapu hutumia volti 12. Malori mengi makubwa hutumia volti 24. Kamera ya volti 12 ikiunganishwa na umeme wa volti 24, itaungua siku hiyo hiyo. Hapa kujua kusoma kunaokoa fedha.

Pima pia urefu wa waya. Usikisie. Chukua kamba, uipitishe njia yote ambayo waya utapita: kutoka kwenye kamera, chini ya bodi, hadi ndani ya kabini, kupanda ubavuni mwa kioo kikubwa cha mbele, hadi kwenye kioo cha ndani. Kisha pima kamba hiyo kwa rula au futi kamba. Ongeza meta moja. Waya mfupi ukiungwa na kipande kingine chini ya gari, maji yatapaingia mahali pa maungio, na picha itaanza kukatika.

Vitu vingine ni hivi: spana ya kufungulia betri, bisibisi, koleo, testa, tepu nyeusi ya umeme, risasi ya kuchomelea waya, vifungo vya plastiki, na fyuzi mbili za ampea 2 au 3 pamoja na vishikio vyake.

Kutafuta waya wa taa ya rivasi

Huu ndio moyo wa kazi yote, kwa hiyo tusiharakishe.

Nyuma ya pikapu kuna taa nyeupe. Taa hiyo huwaka dereva anapotia rivasi, na huzimika anapoitoa. Kamera nayo tunataka ifanye vivyo hivyo. Basi kamera itapata umeme wake kutoka kwenye waya wa taa hiyo. Dereva hatabonyeza swichi yoyote. Akitia rivasi, taa itawaka na kamera itaamka pamoja nayo.

Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu. Vuta breki ya mkono. Injini iwe imezimwa. Asiwepo mtu chini ya gari wala nyuma yake. Fungua skrubu za kasha la taa ya nyuma, ulivute taratibu. Utaona waya kadhaa nyuma yake: wa taa ya breki, wa indiketa, wa taa za usiku, wa rivasi, na wa ethi.

Usichague waya kwa rangi. Rangi za waya hutofautiana kati ya gari na gari, na fundi wa zamani huenda alibadili waya akaweka aliokuwa nao. Tumia testa. Bana kibanio chake kwenye chuma kisicho na rangi. Mwenzako akae kwenye kiti, azungushe ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, lakini asipige stata. Atie rivasi. Sasa gusa waya mmoja mmoja kwa ncha ya testa. Testa ikiwaka, mwambie atoe rivasi. Testa ikizimika, mwambie aitie tena. Ikiwaka tena, umeupata. Testa ikibaki inawaka hata rivasi ikitolewa, huo si wenyewe, endelea kutafuta. Ukishaupata, uzungushie tepu kidogo, iwe alama na pia izibe tundu la ncha ya testa.

Sasa zima ufunguo na uende kwenye betri. Fungua ncha ya hasi, yenye alama ya kutoa (−). Anza na hasi, usianze na chanya. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi ya gari, cheche kubwa itaruka, na betri inaweza kupasuka. Ukianza na hasi, spana ikigusa bodi hakuna kitakachotokea. Weka ncha hiyo mbali na betri mpaka kazi ya waya iishe.

Kamera ikae wapi?

Hapa mafundi hawakubaliani. Wengine huifunga juu, kwenye mlango wa nyuma karibu na kishikio. Kutoka hapo inaona vizuri na haipati matope mengi. Lakini fikiria kazi ya pikapu zetu. Ni mara ngapi mlango wa nyuma hushushwa ili kubeba mbao, vitanda au mabati marefu? Mlango ukishushwa, kamera iliyo juu yake hutazama ardhi tu. Dereva ataona picha ya mchanga. Tena waya wake hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, mpaka siku moja ukatike.

Kwa pikapu inayobeba mizigo mirefu, ni afadhali kamera ikae kwenye bampa au juu ya kibao cha namba. Ni kweli itachafuka upesi zaidi. Lakini tope hufutwa kwa kitambaa, na kamera iliyotazama ardhi haina dawa ya namna hiyo. Ukifunga kwenye bampa, usifunike namba ya gari wala taa yake.

Ielekeze kamera chini kidogo. Ukingo wa bampa uonekane chini kabisa ya picha. Picha isiyoonyesha bampa haimwambii dereva gari lake linaishia wapi.

Kuunganisha waya

Kamera ina waya mwekundu na waya mweusi kwa ajili ya umeme, na plagi ya duara, mara nyingi ya njano, kwa ajili ya picha. Waya mwekundu utaunganishwa na ule waya wa rivasi uliouwekea alama, kupitia fyuzi. Waya mweusi utafungwa kwenye ethi.

Watu wengi huidharau ethi, na kwa sababu hiyo ndiyo inayoleta matatizo mengi. Umeme ukienda lazima uwe na njia ya kurudi kwenye betri, na njia hiyo ni chuma cha gari. Rangi na kutu huziba njia hiyo. Kwa hiyo kwangua mpaka chuma king'ae, funga waya kwa skrubu imara, kisha paka grisi juu yake ili kutu isirudi.

Unapounga waya, kuzisokota tu hakutoshi. Barabara zetu zinatikisa, na waya uliosokotwa hulegea. Sokota, chomelea kwa risasi, halafu zungusha tepu.

Sasa pitisha ule waya mrefu wa picha. Ufuate waya za gari zenyewe zilizopita ubavuni mwa chasisi. Uwe mbali na bomba la moshi, kwa sababu litauyeyusha. Uwe mbali na propela, kwa sababu itauvuta na kuukata. Usiufunge kwenye bomba la breki. Ushikize kwa vifungo vya plastiki kila baada ya shibiri moja au mbili. Unapoingia kabini, tumia tundu lenye pete ya mpira. Waya ukipita kwenye tundu la chuma tupu, ukingo wa chuma utauchubua kidogo kidogo kila siku. Ndani, upandishe pembeni mwa kioo kikubwa. Kama nguzo hiyo ina maandishi ya mfuko wa hewa wa usalama, usiupitishe waya mbele ya mfuko huo. Upitishe nyuma yake, au mwachie fundi mwenye uzoefu.

Ukitazama vizuri waya wa picha utaona kijiwaya chembamba, kwa kawaida chekundu, kinachotokeza kila mwisho. Hiki ni mjumbe. Mwisho wa nyuma kiunganishe pamoja na waya mwekundu wa kamera, baada ya fyuzi. Mwisho wa mbele kiunganishe na waya wa kioo ulioandikwa kwenye karatasi ya maelezo kuwa ni wa rivasi. Rivasi ikitiwa, kijiwaya hiki hukipasha kioo habari, nacho hubadilika na kuonyesha picha. Vioo vingine hutambua picha bila mjumbe huyu. Karatasi iliyo ndani ya boksi itasema, kwa hiyo usiitupe.

Kilichobaki ni umeme wa kioo. Hapa madereva wengi huona shida isiyo na sababu. Dereva mmoja alimwuliza fundi wake hivi:

"Fundi, kwa nini tusivute waya moja kwa moja kutoka kwenye betri? Kazi itaisha sasa hivi."

"Inawezekana, mzee. Lakini kioo kitakunywa umeme usiku na mchana. Ukiegesha gari siku kadhaa, utaamka asubuhi stata haizunguki."

"Na hii fyuzi unayoniuzia, ina maana gani? Waya ni waya."

"Waya ukichubuka ukagusa chuma, umeme wote wa betri utapita hapo. Utakuwa mwekundu kama kaa la moto. Fyuzi ikiwapo, itakatika kwanza. Isipokuwapo, mzee, kitakachoungua si waya peke yake."

Mzee alinyamaza, akalipa fyuzi. Basi waya mwekundu wa kioo uunganishe kwenye boksi la fyuzi la gari, mahali panapopata umeme ufunguo ukizungushwa tu, nao uwe na fyuzi yake. Weusi uende kwenye ethi iliyo safi.

Kujaribu

Rudisha ncha ya betri. Washa ufunguo, tia rivasi, injini ikiwa bado imezimwa. Picha itokee.

Kisha fanya jaribio hili, na usiliruke. Mtu asimame nyuma ya gari, upande wa kulia wa gari, ashike kitambaa. Katika kioo lazima aonekane upande wa kulia. Akionekana kushoto, picha imegeuka. Dereva ataona mtoto yuko kushoto, atakata usukani kumkwepa, kumbe anamfuata. Kamera nyingi zina kitanzi kidogo cha waya cha kugeuza picha. Karatasi ya maelezo itasema ni kipi. Gari lisirudishwe nyuma kwa kamera hiyo mpaka hilo limerekebishwa.

Picha isipotokea, angalia kwanza fyuzi, halafu ethi, halafu plagi za njano kama zimeingia mpaka mwisho. Picha ikicheza au kuwa na mistari, mara nyingi ni ethi mbaya. Baadhi ya magari mapya huangalia taa zao kwa kompyuta, na umeme wa taa hizo si tulivu. Kwa gari la namna hiyo mtafute fundi umeme aweke rilei.

Mwisho, pima umbali. Kamera nyingi huonyesha mistari ya rangi kwenye picha: nyekundu, njano na kijani. Mistari hiyo haijui kamera yako imefungwa urefu gani kutoka chini, kwa hiyo usiiamini kabla ya kuipima. Pigilia vijiti nyuma ya bampa kwa meta 1, meta 2 na meta 3. Dereva aone kila kijiti kiko wapi katika picha, akumbuke. Ataona pia kwamba vitu katika picha huonekana viko mbali kuliko vilivyo, kwa sababu lenzi ya kamera hukusanya eneo pana katika picha ndogo.

Sasa rudieni lile zoezi la debe la mwanzo wa somo. Andikeni hatua mpya karibu na zile za kwanza.

Matumizi ya kila siku

Futa lenzi kila asubuhi kwa kitambaa laini chenye maji. Wakati wa masika ifute kila unapotaka kurudi nyuma. Jua likipiga lenzi moja kwa moja, picha huwa nyeupe. Usiku, kama taa ya rivasi imeungua, kamera inaweza kuonyesha giza tupu. Badilisha balbu hiyo mapema.

Tena kamera haioni ubavuni. Mtoto anayekuja mbio kutoka pembeni mwa nyumba hayumo katika picha mpaka afike nyuma ya gari, na kwa hatua zake ndogo hufika upesi. Kwa hiyo utingo ashuke kama zamani, asimame mahali ambapo dereva anamwona kiooni. Dereva asipomwona utingo, asimamishe gari. Uani penye watoto, dereva azunguke gari kwa miguu kabla ya kupanda, apige honi, ndipo atie rivasi. Arudi kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Maswali

1. Debe lilianza kuonekana baada ya hatua ngapi kabla ya kamera kufungwa? Na baada ya kufungwa?

2. Kwa nini ncha ya hasi ya betri hufunguliwa kwanza?

3. Kamba ya kupimia imeonyesha meta 7 na nusu. Dukani kuna waya wa meta 6 na wa meta 10. Utanunua upi? Eleza sababu.

4. Katika kijiji chenu, pikapu hurudi nyuma mahali gani palipo na watoto wengi? Zungumzeni darasani, kisha kila mmoja aandike sentensi tatu.